Mnanaa: Tunza Mafuta ya Jani

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaootesha mnanaa ni hili: mbona umestawi lakini hauna harufu? Mara nyingi umewekwa kivulini ukalishwa mbolea ya naitrojeni kupita kiasi. Majani hutanuka na kujaa maji, harufu ikabaki kiduchu. Utamu na dawa ya mnanaa vimo kwenye mafuta yaliyo ndani ya vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Ndiyo maana ukiligusa tu, vidole vinanukia.

Kabla ya kupanda, ujue unapanda upi. Mnanaa wa kawaida, Mentha spicata, una harufu tamu itokanayo na kavoni, kemikali iliyomo kwenye mafuta yake, na mentoli yake, ile kemikali iletayo ubaridi, ni kidogo sana. Huo ndio wa jikoni. Pepaminti ndiyo yenye mentoli nyingi, na ndiyo inayotajwa zaidi kwenye tiba. Ule ubaridi unaousikia mdomoni si baridi ya kweli. Mentoli huamsha vipokezi vya neva vinavyotambua baridi, ilhali joto la mdomo ni lilelile. Pepaminti ni chotara wa mnanaa wa kawaida na mnanaa wa majini, na kwa kawaida haitoi mbegu zinazofaa. Ukiuziwa pakiti ya “mbegu za pepaminti”, kitakachoota ni kitu kingine.

Kwa hiyo tumia vipandikizi. Kata kitawi kisicho na maua, sentimita 10 hivi, chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapochomoza kwenye shina. Pukutisha majani ya chini, kisha kisimamishe kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Mizizi huchomoza ndani ya wiki moja au mbili. Kihamishie kwenye chungu kipana chenye matundu, wala usikipande kitaluni pamoja na mimea mingine: mnanaa ni yule mgeni anayekaribishwa sebuleni akahamia nyumba nzima, maana mashina yake hutambaa chini kwa chini na kuchipua popote. Udongo uwe na unyevu bila maji kutuama, na jua lipatikane kwa saa 4 hadi 6 kwa siku. Ukiona vidoa vya rangi ya chungwa chini ya majani, hiyo ni kutu, ugonjwa wa ukungu. Kata mashina yote yaliyougua uyatupe mbali, usiyatie kwenye mboji.

Vuna kabla maua hayajachanua, asubuhi umande ukishakauka. Kata juu ya jozi ya majani, na pale yatachipua matawi mawili. Mimi sioni haya kukata sana. Mnanaa usiokatwa hurefuka na kuwa mgumu kama fito.

Mafuta ya jani hupaa upesi kwa joto. Jikoni, tia majani chakula kikishaepuliwa. Ukitengeneza chai, mimina maji ya moto juu ya majani na ufunike kikombe kwa dakika 5 hadi 10. Ile harufu nzuri inayojaa chumba kizima ni sehemu ya kinywaji inayokukimbia. Kwa sababu hiyohiyo, majani ya akiba yaanikwe kivulini.

Kuhusu tiba, ushahidi mzuri zaidi ni wa mafuta ya pepaminti katika vidonge vinavyofunguka kwenye utumbo. Hulegeza misuli ya utumbo na kupunguza msokoto kwa wenye tatizo sugu la utumbo usiotulia. Chai ni hafifu kuliko vidonge hivyo, japo wengi huona inatuliza tumbo lililojaa gesi. Lakini ulegezaji huohuo hufikia pia mlango wa juu wa tumbo, asidi ikapanda. Mwenye kiungulia asishangae kikizidi.

Mafuta yaliyokamuliwa si ya kunywewa ovyo, na mentoli isipakwe kabisa usoni au puani mwa mtoto mchanga, kwani inaweza kumbana pumzi. Kuna pia aina iitwayo Mentha pulegium, ambayo mafuta yake yana pulegoni, sumu inayoharibu ini; kuyanywa kumeua watu. Mwenye upungufu wa damu naye asinywe chai ya pepaminti pamoja na mlo, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye chakula. Aiache hadi saa moja au mbili baada ya kula.