Betri ya gari la umeme haifi kama ya simu

Kila nikipaki pale Mikindani lazima mtu aniulize, eti betri ya hilo gari si inakufa baada ya miaka miwili kama ya simu? Hapana jamani, sio hivyo. Simu inachemka mfukoni na haina cha kuipoza, ila kwenye gari kama Hyundai Kona ya umeme kulanti, yaani maji maalum ya kupozea, inazunguka kupoza betri, kompyuta inazichunga seli (vibetri vidogo vinavyounda betri) muda wote na kuna akiba imefichwa ili usiimalize kabisa. Ndo maana kampuni nyingi zinatoa waranti ya betri miaka 8 au kilomita 160,000, ingawa kwa mtumba wa kuagiza hiyo usiitegemee.

Hofu yenyewe ina chanzo lakini. Nissan Leaf za mwanzo, za 2011 na 2012, zilipozwa na hewa tu, kwenye joto la Arizona kule Marekani betri zikachoka mapema, na joto la Mtwara unalijua. Kwa hiyo unapoagiza uliza kwanza betri inapozwaje, mimi hilo naliona kubwa kuliko hata mwaka wa gari.

Kazi iko kwenye kuchaji. Soketi ya ukutani inatoa kama kilowati 2 hivi, betri ya kWh 64 (kilowati-saa, kipimo cha umeme inaoubeba) ikiwa tupu inakula zaidi ya siku nzima, basi mi nachaji kidogo kidogo kila usiku, naenda Lindi narudi, kama kilomita 210, na chaji bado ipo.