Muuguzi wako anakujali, ndiyo maana ana mipaka
Usiku wa kuamkia upasuaji, mgonjwa anamuuliza muuguzi: "Nitapona kweli?" Jibu jepesi ni "Usijali, utapona tu." Sisi tunaofundisha wauguzi tunawakataza jibu hilo, hata likitoka moyoni, kwa sababu linamfunga mgonjwa mdomo. Hofu inabaki palepale, ila sasa hana wa kumwambia. Muuguzi aliyefundwa vizuri huvuta kiti, akakaa macho yao yakawa sawa, akasema: "Naona jambo hili linakusumbua. Unahofia nini hasa?" Kisha hunyamaza. Ukimya huo si uzembe. Mgonjwa anatafuta maneno yake. Pengine kinachomtisha ni nusukaputi, au nani atabaki na watoto, na hayo yana majibu: mtaalamu wa usingizi ataitwa, ndugu atapigiwa simu.

Maongezi ya namna hii huleta ukaribu, na hapo ndipo mipaka inapohitajika. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1952 kwamba uhusiano huu hupita hatua: mnafahamiana, mnashughulikia tatizo, mnaagana. Kuagana ndiko kunakosahaulika. Kwa hiyo muuguzi akikunyima namba yake binafsi, au akirudisha bahasha ya shukrani kwa upole, usione amekudharau. Wewe umevua nguo mbele yake na kumweleza siri za mwili wako. Yeye hajakueleza zake. Mwenye nguvu zaidi ndiye anayebeba wajibu wa kulinda mpaka, hata kama mgonjwa ndiye aliyeanza kuuvuka.

Ombi linalowatesa zaidi wauguzi wachanga ni hili: "Nikuambie kitu, lakini uniahidi hutamwambia mtu." Asiahidi. Siri yako haipelekwi kwa jirani, wala kwa ndugu bila ridhaa yako, lakini jambo linalogusa usalama wako, kama vile mawazo ya kujiua au kuacha dawa kimyakimya, lazima liwafikie wanaokutibu. Muuguzi mwaminifu hukuambia hivyo kabla hujaanza kusimulia, ili uamue mwenyewe.

Ukiona muuguzi anakumiminia matatizo ya ndoa yake, anakutafuta nje ya kazi au anakuomba fedha, mweleze muuguzi kiongozi wa wodi. Ni haki yako, na huduma unayopewa haipaswi kupungua kwa sababu umesema.