Chuma cha zamani nacho huoza

Wenye nyumba za zamani Jinja na Entebbe hupenda kusema bomba la maji taka la chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) halifi. Hufa, tena kutoka ndani. Gesi ya maji taka, ile inayonuka yai viza, hupanda hadi upande wa juu ndani ya bomba. Bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, nayo hula chuma polepole. Kwa nje utaliona zima. Ligonge taratibu (chuma hiki huvunjika kama chungu): penye uzima hulia kama kengele, palipooza mlio hufifia. Kumimina asidi ya kuzibulia ni kuongeza ubovu. Wala usikimbilie kuvunja sakafu yote. Fundi hukata kipande kibovu, akaunga cha plastiki kwa mpira wenye klempu (pete za chuma za kukazia).