Vumbi, visu na kamio: kutunza mashine ya kusaga matawi Lubumbashi

Miti ya barabarani hapa Lubumbashi hupogolewa wakati wa kiangazi. Mvua ikishakatika, kuanzia Mei hadi Septemba, mafundi hupanda kwenye mijakaranda na mikaratusi na kupunguza matawi mazito kabla dhoruba za Oktoba hazijayaangusha juu ya nyaya, mapaa na magari. Kwa miti, huo ni uamuzi mzuri. Kwa mashine, hakuna majira mabaya kuliko hayo. Vumbi jekundu huwa angani kutwa nzima, nayo mashine ya kusaga matawi imesimama kando ya barabara, injini yake ikivuta hewa kwa nguvu na matawi yakiburutwa ardhini kuletwa kwenye mdomo wake.

Wanaotuletea mashine tuzitengeneze mara nyingi hulaumu mti. Husema mbao za huku ni ngumu, ndiyo maana visu havidumu na injini zinachoka mapema. Miti migumu ipo kweli, na tawi lililokauka huchosha kisu kuliko tawi bichi. Lakini tukifungua mashine zinazoletwa zikiwa zimekufa, kinachoonekana ndani mara nyingi ni udongo: ndani ya filta, kwenye beringi, kwenye mafuta ya haidroliki, kwenye makali ya visu. Udongo unaweza kuzuiwa, na kuuzuia hakuhitaji fedha nyingi.

Anza na ratiba ya matengenezo. Kitabu cha mashine huandikwa kwa kufikiria kazi ya kawaida katika hewa safi, na vitabu vingi vyenyewe husema kwamba penye vumbi jingi muda ufupishwe. Ikiwa kitabu chako kinataka mafuta ya injini yabadilishwe kila saa 250, wakati wa kiangazi fikiria nusu ya hizo. Hesabu saa za injini, usihesabu wiki. Mashine inayofanya kazi siku mbili kwa wiki na ile inayofanya kazi siku sita haziwezi kuwa na tarehe moja ya matengenezo. Kama saa ya injini imekufa, andika kwenye daftari muda wa kuwasha na wa kuzima.

Filta ya hewa inahitaji mkono mtulivu. Wapo wanaoifungua kila asubuhi, wanaigonga kwenye tairi, kisha wanairudisha, wakiamini kwamba wanaitunza. Kila inapofunguliwa, vumbi kidogo hupata nafasi ya kuingia upande ulio safi, na kuigonga huharibu mikunjo ya karatasi na ukingo unaoziba. Ukiipuliza kwa hewa ya kompresa yenye shinikizo kubwa, unaitoboa matundu usiyoyaona. Kama mashine ina kiashiria cha kuziba, kifuate hicho. Kinachofaa kufanywa kila siku ni kumwaga vumbi kwenye kikombe cha awali, kubonyeza ile valvu ya mpira iliyo chini ya nyumba ya filta, na kukagua bomba la mpira linaloelekea kwenye injini. Ufa mdogo kwenye bomba hilo hufanya filta mpya isiwe na maana.

Zaidi ya hayo, mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikilinganishwa na pwani. Filta ikiziba inaongeza upungufu juu ya upungufu. Moshi mweusi ukitoka kila tawi linapoingia, usikimbilie kulaumu pampu ya mazutu (dizeli). Angalia hewa kwanza. Rejeta nayo hujaa unga wa majani hadi upepo haupiti. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, injini ikiwa imezimwa na kupoa, tena zaidi ya mara moja kwa siku ikiwa mnasaga majani makavu.

Sasa visu. Mashine nyingi za kusaga matawi ni za aina mbili: zenye gurudumu bapa lililofungwa visu usoni, na zenye pipa linalozunguka. Katika zote mbili, kisu kinachozunguka hukata kikipita karibu na chuma kisichosogea, na nafasi kati yao ni milimita chache tu, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Nafasi hiyo ikipanuka, au makali yakififia, mashine huacha kukata na kuanza kuchana. Utaona kwenye kinachotoka: vipande vifupi vyenye ncha safi vinageuka kuwa nyuzi ndefu pamoja na unga mwingi. Tawi huanza kurukaruka mdomoni, injini inaguna, mazutu yanaisha haraka. Mwendeshaji mzuri huangalia rundo mara kwa mara na kujua hali ya visu bila kufungua kitu.

Wanaoburuta matawi ndio wanaoamua visu vitadumu kwa muda gani. Tawi lililoburutwa mita ishirini kwenye udongo mwekundu wa laterite hubeba mchanga kwenye kila ufa wa gome, na mchanga ule hula chuma kuliko mbao yoyote. Libebeni watu wawili, au tandazeni turubai chini ya mti. Yale mafagio ya mwisho wa kazi, majani yaliyochanganyika na changarawe na vifuniko vya chupa, yasiingie kwenye mashine hata kidogo. Yaende kwenye mifuko. Kagueni pia magogo ya mijini. Miti yetu ya barabarani hugeuzwa ubao wa matangazo, na misumari ya matangazo ya miaka iliyopita imemezwa na gome. Doa jeusi au uvimbe kwenye gome ni dalili ya kutosha ya kulitenga gogo hilo. Tena magogo manene mjini kwetu hayana haja ya kusagwa: kuni na makala (mkaa) ndivyo vinavyopikia nyumba nyingi, na yeyote mtaani atayapokea kwa furaha. Mashine ibaki na matawi membamba, hapo itaishi muda mrefu.

Visu vinanolewa kwa seti nzima. Ukinoa kimoja tu, uzito unatofautiana, pipa linatetemeka, na mtetemo huo unamaliza beringi. Anayenoa asiunguze chuma kwa jiwe kavu hadi kigeuke buluu, kwa sababu hapo ugumu wake umekwisha. Bolti za visu zifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu, na zilizochakaa zitupwe. Bolti ya visu ikikatika pipa likiwa kwenye kasi, kisu hutoka kama risasi.

Hili tunaomba lisomwe kwa sauti mbele ya kikosi. Pipa au gurudumu la visu ni zito, na huendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa. Mashine ikiziba, zima, toa ufunguo, utie mfukoni mwako mwenyewe, subiri hadi pipa lisimame kabisa, kisha lifunge kwa pini yake. Usisukume tawi kwa mguu wala kwa mkono. Tumia tawi jingine refu. Ingiza upande wa shina kwanza, simama pembeni, na geuka uondoke mara rola zinazovuta matawi ndani zinaposhika. Glovu zenye mikono mipana, koti lisilofungwa, mkufu shingoni, na hasa kamba ya kupandia iliyoachwa kati ya matawi, vyote vinaweza kumvuta mtu ndani kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Kabla ya kazi kila asubuhi, jaribu ile nondo ya dharura inayosimamisha rola. Ikishindwa kusimamisha, siku hiyo hakuna kusaga, hata kama mteja anasubiri.

Mashine nyingi zinazotufikia kupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, zimetoka nchi zinazoendesha magari upande wa kushoto. Angalia swichi ziko upande gani. Zikiwa kushoto, mwendeshaji atasimama upande wa magari yanayopita. Geuza tela ya mashine au zungusha eneo lenu kwa koni na mtu wa bendera.

Kuhusu mazutu, maneno machache yanatosha. Yakinunuliwa kwenye bidoni, chujeni, acheni yatulie, kisha fungueni kila asubuhi koki iliyo chini ya filta ya mazutu mtoe maji. Jazeni tangi jioni, kwani usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10 na tangi lenye nafasi tupu hutoa jasho ndani. Mpira wa haidroliki ukivuja, usiutafute uvujaji kwa kiganja. Tumia kipande cha katoni. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na mkono unaweza kupotea.

Kamio (lori) inayopokea vipande huzidishiwa mzigo bila mtu kugundua. Vipande vibichi vina uzito wa takriban kilo 300 hadi 400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo sanduku la mita 10 za ujazo linabeba tani tatu au nne, na mkiinua mbao za pembeni ili mjaze zaidi, breki na springi ndizo zinazolipa. Nati za magurudumu ya tela zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lifungwe. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo cha tela. Mzigo ushushwe siku hiyo hiyo: vipande vilivyolala siku kadhaa huchemka vyenyewe na kuozesha sakafu ya sanduku. Wenye bustani watavihitaji. Vitandazwe unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kugusa shina.

Kamio yenye kikapu cha kuinua watu haitengenezwi kwa kubahatisha. Ikaguliwe na fundi anayejua mitambo ya kuinulia, na isikaribie waya wa umeme chini ya mita 3 mpaka SNEL, shirika la umeme la taifa, wamekata umeme na kuthibitisha.

Mvua zikianza, tengeni seti ya pili ya visu, imenolewa na kupakwa mafuta, iwe tayari kwenye sanduku. Matawi ya dhoruba huja na matope, vipande vya mabati na nyaya. Yaosheni kwa maji kwanza, muyakague moja moja, ndipo muwashe injini.