Kitenzi kimoja cha Kilatini: huku kufika, kule kuondoka

Wanafunzi wangu wa Kihispania wanaoingia darasa la Kiromania hushangaa nikiwaambia kwamba kitenzi a pleca, yaani kuondoka, ni ndugu wa damu wa llegar ya Kihispania, yaani kufika. Vyote viwili vimezaliwa na plicare ya Kilatini, ambayo haikumaanisha kufika wala kuondoka, bali kukunja.

Undugu wa sauti hauna shaka. Neno la Kilatini lilipoanza na pl, Kihispania kwa kawaida kiliigeuza ll, Kireno kikaifanya ch na Kiitalia pi, ilhali Kifaransa na Kiromania viliiacha ilivyokuwa. Ndiyo maana plenus, "iliyojaa", leo ni lleno kwa Kihispania, cheio kwa Kireno, pieno kwa Kiitalia, plein kwa Kifaransa na plin kwa Kiromania. Na kwa mkondo huohuo tukapata llegar, chegar, piegare, plier na pleca. Ile c iliyokaa kati ya irabu mbili ililainika ikawa g katika lugha tatu za kwanza, Kifaransa kikaimeza kabisa, Kiromania kikaitunza. Piegare na plier zimebaki na maana ya kukunja hadi leo.

Ugomvi uko kwenye maana. Hadithi inayopendwa na walimu husema kwamba mabaharia wa magharibi walikunja tanga walipofika bandarini, na kwamba askari wa Kirumi waliokuwa Dacia, yaani Romania ya leo, nchi iliyotekwa na Kaisari Trajan mwaka 106, walikunja mahema walipoihama kambi. Nusu ya pili siipingi, kwa sababu hata sisi Waswahili husema mtu amefunga safari wakati ndiyo kwanza anatoka nyumbani, na hakuna anayeona ajabu kwamba kitenzi cha kufunga kimebeba maana ya kwenda.

Nusu ya kwanza ndiyo isiyoniingia akilini. Kilatini kilikuwa tayari na applicare, kusogeza kitu hadi kigusane na kingine, kitenzi kilichotumika pia kwa chombo kinacholetwa pwani. Silabi ya mwanzo ilipodondoka, plicare ilirithi maana ya kukaribia bila kuhitaji tanga lolote. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa Egeria, mwanamke Mkristo aliyehiji Nchi Takatifu mwishoni mwa karne ya 4, ambaye maandishi yake yaligunduliwa Arezzo mwaka 1884. Anaposimulia safari yake ya kurudi kutoka Mlima Sinai, anatumia plicare kusema kwamba yeye na wenzake walijisogeza hadi baharini, na walikuwa wakisafiri nchi kavu.

Anayetaka neno lenye harufu ya chumvi kweli alitafute kwenye arriver ya Kifaransa, arrivare ya Kiitalia na arribar ya Kikatalani, zote zikiwa zimetokana na ripa, ukingo wa maji: kufika ni kugusa ukingo. Na kwa kuwa Wakatalani walikuwa na arribar ya kufikia, plegar yao ilibaki huru kushika njia nyingine. Inamaanisha kukunja, kama zamani, lakini pia kumaliza kazi ya siku, hivi kwamba fundi wa Barcelona akisema jioni kwamba anafanya plegar, amekunja jamvi na anakwenda zake nyumbani.