Wimbo wa zamani ndani ya filamu mpya: unakuja na nini, unafanya kazi gani

Anayeangalia sinema za Kimarekani kwenye banda la video mjini Tabora, au kwenye simu akiwa Kigoma, hukutana na jambo hili mara kwa mara. Picha ni mpya, magari mapya, pengine hadithi yenyewe inatokea kwenye sayari nyingine kabisa, kisha linaingia gitaa la umeme lililorekodiwa kabla mtazamaji hajazaliwa. Wimbo ni wa mwaka 1970 au 1975. Hakuna aliyeutunga kwa ajili ya filamu ile. Umetolewa ulikokuwa, umelipiwa, ukawekwa juu ya picha.

Nyimbo hizo ni roki za zamani, zile zilizovuma kuanzia miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980, na matumizi yake katika filamu na tamthilia za sasa ni ufundi wenye kanuni na gharama zake. Wengi huuona kama pambo. Mimi nauona kama mojawapo ya nyenzo kubwa alizonazo mwongozaji, na nasikitika kwamba huku kwetu haitumiki inavyostahili, wakati hazina ya nyimbo tunayo.

Muziki wa filamu uko wa namna mbili. Upo unaotungwa kwa ajili ya filamu: mtunzi anaangalia picha zilizokwisha kuhaririwa, anapima sekunde, anaandika sauti za kumtia mtu hofu hapa na huzuni pale. Muziki huo mtazamaji anausikia kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya filamu. Namna ya pili ni wimbo uliokwisha kuishi maisha yake nje. Watu waliucheza kwenye harusi, waliusikia redioni mwaka fulani wa shida, walipendana na kuachana ukipigwa. Mwongozaji anayeuchukua anachukua na kumbukumbu hizo zote. Hana haja ya kumjengea mtazamaji hisia kuanzia sifuri, kwa kuwa mtazamaji kaja nazo mwenyewe.

Mwaka 1969 ilitoka Easy Rider, hadithi ya vijana wawili wanaovuka Marekani kwa pikipiki. Badala ya muziki wa mtunzi, filamu ile ilijazwa nyimbo za santuri za wakati ule, na "Born to Be Wild" ya kundi la Steppenwolf ikashikamana na pikipiki hadi leo. Lakini nyimbo zile zilikuwa bado mpya. Matumizi tunayoyazungumzia yalikomaa baadaye, nyimbo zilipozeeka na vijana waliokua nazo wakawa waongozaji.

Martin Scorsese ni mmoja wao. Katika Goodfellas ya mwaka 1990 kuna mfululizo wa picha ambapo wahalifu waliouawa na wenzao wanagunduliwa: ndani ya gari la rangi ya waridi, kwenye lori la taka, ndani ya lori la nyama. Juu ya picha hizo panapigwa sehemu ya mwisho ya "Layla", wimbo wa Derek and the Dominos uliotoka mwaka 1970. Siyo sehemu ya gitaa kali ambayo kila mtu anaijua. Ni ile ya piano, tulivu, tamu, kama ya mtu anayeaga. Scorsese aliagiza muziki huo upigwe palepale wakati wa kupiga picha, ili kamera itembee nao. Mtazamaji anaona maiti huku masikio yanabembelezwa, na kichefuchefu kinachomjia kinatoka kwenye kutokupatana huko. Muziki wa kutisha usingefika hapo.

Kuna swali ambalo mhariri hulijibu kwanza: wimbo huu unatoka wapi? Je, wahusika wanausikia, au tunausikia sisi peke yetu? "Layla" ile wahusika hawaisikii. Lakini kipande cha mwisho kabisa cha tamthilia ya The Sopranos, kilichorushwa Juni 2007, kilifanya kinyume. Bosi wa wahalifu, Tony, anaingia mgahawani, anakaa, anapekua orodha ya nyimbo kwenye kimashine kilichopo mezani, anatia sarafu, na inaanza "Don't Stop Believin'" ya kundi la Journey, wimbo wa mwaka 1981. Mkewe anaingia, wimbo unaendelea. Mwanawe wa kiume anaingia. Binti yuko nje anahangaika kuegesha gari. Kila mlango unapofunguliwa Tony anainua macho, nasi tunainua naye, maana adui anaweza kutokea wakati wowote. Wimbo unazidi kupanda, mwimbaji anatamka "Don't stop", na hapohapo picha na sauti vinakatika. Giza. Tamthilia imekwisha. Maneno yale yanakataza kusimama, na ndipo kila kitu kinaposimama. Wimbo wa kutungwa usingeweza kufanya hivyo, kwa sababu nguvu yote iko kwenye kwamba Mmarekani aliyekuwa akitazama alijua ni neno gani lifuatalo, na hakulipata.

Guardians of the Galaxy ya mwaka 2014 inasogea mbali zaidi. Wimbo wa zamani unakuwa kitu cha kushikwa mkononi. Mtoto anachukuliwa kutoka duniani mwaka 1988, usiku aliofiwa na mama yake, na alichobaki nacho ni kaseti ambayo mama alimrekodia nyimbo alizozipenda. Anakuwa mtu mzima huko angani akiwa na kaseti ileile. Kila wimbo unapopigwa tunajua ni mama anayezungumza, hata kama picha ni ya mapigano na vichekesho. Santuri ya nyimbo za filamu hiyo ilishika namba moja nchini Marekani bila kuwa na wimbo hata mmoja mpya.

Namna hii filamu humlipa aliyeikopesha wimbo. "Bohemian Rhapsody" ya Queen ilitoka mwaka 1975. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jambo ambalo Watanzania tunapenda kulikumbusha na tuna kila sababu. Mwaka 1992, miezi michache baada ya kifo chake, filamu ya kuchekesha ya Wayne's World iliwaonyesha vijana watano ndani ya gari dogo wakiuimba na kutikisa vichwa, na wimbo ukapanda hadi nafasi ya pili Marekani, juu kuliko ulivyofika ulipotoka. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Kate Bush: "Running Up That Hill", wimbo wake wa 1985, ulitumika katika tamthilia ya Stranger Things na kushika namba moja Uingereza, miaka 37 baada ya kutoka.

Basi si ajabu kwamba wenye nyimbo nao wanazitafuta filamu. Bob Dylan aliuza haki za tungo zake kwa kampuni ya Universal mwaka 2020, na Bruce Springsteen akauza zake kwa Sony mwaka uliofuata. Aliyenunua lazima arudishe fedha, na filamu, tamthilia na matangazo ni njia mojawapo. Hapo ndipo uvivu unapoingia pia. Helikopta za kijeshi juu ya misitu ya Vietnam pamoja na "Fortunate Son" ya Creedence Clearwater Revival zimewekwa pamoja mara nyingi mno hivi kwamba hazisemi tena chochote. Wimbo unaowekwa ili kutangaza mwaka tu umefanywa kalenda.

Sasa turudi kwenye lile banda. Mtazamaji wa Tabora au Ujiji hana kumbukumbu ya Journey. Je, wimbo unamfikia? Nusu yake unamfikia. Katika Thor: Ragnarok ya mwaka 2017, vita vinapigwa juu ya "Immigrant Song" ya Led Zeppelin. Mashairi yake yanataja nchi ya barafu na nyundo ya miungu, yaani wimbo na mhusika wametoka kwenye visa vilevile vya watu wa kaskazini ya Ulaya. Asiyejua hayo bado anapata gitaa linalorudia mdundo mmoja kama gwaride, na ule ukelele wa mwanzo. Damu inachemka. Nusu ya pili, ile ya kumbukumbu, inampita.

Na kwenye filamu zilizotafsiriwa hata hiyo nusu ya kwanza hupungua. Mtafsiri akianza kusema, sauti ya filamu inashushwa. Wimbo uliolipiwa fedha nyingi unabaki ukinong'ona chini ya maneno yake. Nawaheshimu sana watafsiri hawa. Wamewafikishia watu wetu sinema ambazo zisingefika. Ningependa tu kwenye vipande kama hivi wanyamaze kidogo, wimbo upite, kisha waendelee.

Lakini kumbukumbu zetu zipo, na ni za miaka ileile. Wakati Led Zeppelin wanarekodi London, Tabora ilikuwa na magitaa ya umeme yake. Kulikuwa na Kiko Kids wa Salum Zahoro, kulikuwa na Tabora Jazz, kulikuwa na Nyanyembe Jazz. Mji mmoja, bendi tatu zilizosikika nchi nzima kupitia redio. Gitaa la solo la nyimbo zile likianza tu redioni kwenye kipindi cha zilipendwa, mama anayepepeta mchele anasimamisha ungo. Huyo hahitaji kuelezwa. Mwongozaji akiliweka gitaa hilo mahali panapostahili, tayari amekwisha kumpata.

Chukulia kipande cha filamu kwenye stesheni ya Tabora, mahali reli ya Kigoma inapoachana na ile ya Mwanza. Mwaka ni 1974. Kijana anapanda treni ya kwenda Kigoma, mchumba anabaki. Mtunzi wa muziki angeweka kinanda cha huzuni. Weka badala yake redio ya betri juu ya meza ya muuza chai, inapiga wimbo wa kuchangamsha wa bendi ya palepale mjini, na watu wengine wanacheza kidogo wakisubiri treni. Hawa wawili hawachezi. Treni ikiondoka, sauti iache kuwa ya redio ndogo, ijae ukumbi mzima, gitaa lisikike safi hadi behewa la mwisho. Uchangamfu ule utamuumiza mtazamaji kuliko kinanda.

Kinachowazuia wengi ni haki, na hapa inabidi ieleweke vizuri kwa sababu ndipo watu wanapokwama. Wimbo mmoja una vibali viwili. Kimoja ni cha utungo, yaani maneno na melodi yake, na kinatolewa na mtunzi, warithi wake, au kampuni inayomsimamia. Cha pili ni cha rekodi yenyewe, na kinatolewa na aliyegharamia kurekodi. Ukiwa na kimoja bila kingine huruhusiwi kuitumia rekodi hiyo. Hata wakubwa hupiga magoti: katika School of Rock ya mwaka 2003, mwigizaji Jack Black alirekodiwa akiwa mbele ya umati akiwasihi Led Zeppelin waruhusu wimbo wao, na wakaruhusu. Kwa wimbo wa Beatles uliotumika katika tamthilia ya Mad Men mwaka 2012, ililipwa kiasi kilichotajwa kuwa dola 250,000 hivi.

Kwetu bei haziko huko. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya taifa, ndiyo ya kuanzia kuuliza. Rekodi nyingi za bendi zetu zilifanywa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na maktaba yake sasa iko TBC. Nyingine zilitolewa kwa santuri na kampuni za Nairobi. Watunzi wengi wamefariki, kwa hiyo unawatafuta warithi, unakaa nao, unawalipa, na mnaandikishana: wimbo gani, dakika ngapi, filamu itaonyeshwa wapi, kwa muda gani. Usiweke wimbo kwanza ukisema utaomba baadaye. Ukipakia YouTube, mfumo wao unaweza kuitambua rekodi, na mapato yakaenda kwa mwingine au video ikazuiwa.

Mwenye rekodi akikosekana, au akitaka fedha usiyokuwa nayo, bado kuna njia. Chukua kibali cha utungo peke yake, kisha tafuta vijana wapiga magitaa, Tabora wapo, waurekodi wimbo upya kwa mtindo uleule wa solo, ridhimu na besi. Rekodi hiyo itakuwa yako, na warithi wa mtunzi watakuwa wamepata haki yao.