Muda wa Kurejesha Gharama, Ukilinganisha na Nini?

Muda wa kurejesha gharama ni miaka ambayo akiba inayoletwa na kifaa itachukua hadi ilingane na fedha zilizotumika kukinunua na kukifunga. Gawanya gharama yote kwa akiba ya mwaka mmoja, basi. Hesabu ni nyepesi, na ndiyo maana kila muuzaji wa paneli za sola, hita ya maji ya jua au pampu ya joto huitaja kabla hata hajauliza nyumba ina watu wangapi.

Penye taabu ni pale akiba inapohesabiwa. Akiba si umeme ambao paneli zimezalisha, wala si joto ambalo hita imetoa; ni tofauti kati ya fedha ambazo ungelipa bila kifaa hicho na zile utakazolipa ukiwa nacho. Hata hivyo, mara nyingi mtu huambiwa azidishe uniti zote ambazo paneli zitazalisha kwa mwaka kwa bei anayonunulia umeme, kana kwamba kila uniti ingempunguzia bili. Uniti inayotumika ndani ya nyumba humwokolea bei yake kamili, kweli. Inayopelekwa kwenye gridi hulipwa kwa masharti ya mkataba, na mara nyingi bei yake huwa ya chini. Na ile ya saa saba mchana, betri ikiwa imeshajaa, nyumba haina mtu na hakuna pa kuipeleka, haiokoi chochote.

Kosa linalozidi hilo, na ambalo husemwa kwa kujiamini sana, ni kujumlisha akiba za vifaa viwili ambavyo kila kimoja kilipimwa dhidi ya bili ileile ya zamani. Chukua tangi la maji la lita 100. Kuyapandisha maji hayo joto kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za selsiasi kunahitaji takriban uniti 4.7, na hita ya koili ya umeme itatumia kiasi hichohicho, mbali na joto linalopotea kwenye tangi. Pampu ya joto haizalishi joto lote yenyewe, bali huvuta sehemu kubwa kutoka hewani, hivyo pampu inayotoa joto mara tatu ya umeme inaotumia itafanya kazi hiyo kwa uniti 1.6 hivi na kuokoa 3.1. Hita ya jua, siku ambayo jua limetosha, itaokoa zote 4.7. Karatasi mbili za bei zikiwekwa mezani pamoja, mwenye nyumba anajumlisha 3.1 na 4.7, anapata uniti 7.8 za akiba kwa siku, katika nyumba ambayo kwa maji hayo ilikuwa ikitumia 4.7 tu.

Kinachotokea ni kwamba kifaa kinachotangulia hula akiba ya kinachofuata. Pampu ya joto ikishafungwa, hita ya jua haina tena uniti 4.7 za kuokoa. Imebakiwa na 1.6, yaani theluthi moja, na muda wake wa kurejesha gharama unakuwa mara tatu ya ule ulioandikwa kwenye karatasi. Miaka 5 inakuwa 15 bila muuzaji yeyote kusema uongo. Ndivyo ilivyo pia kwa kulifunika tangi vizuri lisipoteze joto, kazi ya bei ndogo ambayo ingefaa itangulie, lakini ambayo hupunguza akiba ya kila kifaa kinachokuja baadaye.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika, nao humfaa mnunuzi. Ikiwa boila ya zamani, yaani hita ya maji iliyokuwapo, imekufa na lazima inunuliwe nyingine kwa vyovyote, gharama ya pampu ya joto katika hesabu hii si bei yake nzima, bali ni kile inachozidi bei ya boila mpya. Wengi huipima kwa bei nzima, kisha wanaiona ghali.

Muda huu pia hausemi lolote juu ya maisha ya kifaa. Paneli hudhaminiwa kwa kawaida miaka 25, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani, hubadilishwa mapema kuliko hapo, na betri ya risasi na asidi mapema zaidi. Betri inayohitaji miaka 8 kurejesha gharama lakini ikafa katika mwaka wa 5 haijarejesha gharama yake. Na ile miaka michache inayotajwa kuwa paneli hurudisha nishati iliyotumika kuitengeneza inahusu nishati kiwandani, si fedha za mnunuzi, ingawa husomwa hivyo.

Kwa hiyo anayesema kwamba hita fulani hurejesha gharama kwa miaka minne huenda yuko sahihi, ila sentensi yake haijafika mwisho. Amalizie: ikilinganishwa na koili inayotumika sasa, kwa maji ya kiasi hiki, kwa bei ya uniti ya leo, na kabla ya kufunga kifaa kingine chochote.